UZI: Nani hasa alimiliki tagi Arthur Foss? Tufuate hati, tuache jina lililopakwa omoni

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wapenzi wa vyombo vya majini, naanzisha uzi huu kwa sababu kila ninapokutana na historia ya Arthur Foss, tagi ya mbao ya Seattle nchini Marekani, naikuta imeandikwa kwa namna ileile: iliitwa Wallowa, ikaitwa Narcissus, ikaitwa Arthur Foss, ikaitwa Dohasan, kisha ikarudia jina la Arthur Foss. Mlolongo huo ni wa majina tu. Wasomaji wengi huuchukua kuwa ni mlolongo wa wamiliki, na hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu mojawapo ya majina hayo halikuletwa na mmiliki yeyote, na wamiliki kadhaa walipokezana chombo hiki bila kubadilisha hata herufi moja ya jina lake.

Kwa asiyeifahamu, tagi ni chombo kifupi na kipana chenye injini kubwa kuliko umbo lake, na kazi yake ni kuvuta na kusukuma meli, matishari na machelezo ya magogo. Tagi tunayoizungumzia iliundwa Portland, jimbo la Oregon, mwaka 1889, ikafanya kazi ya kibiashara hadi mwaka 1968, yaani miaka 79, na leo ni chombo cha makumbusho katika Lake Union, Seattle. Inatajwa kuwa huenda ndiyo tagi ya mbao kongwe kuliko zote duniani ambazo bado zinaelea. Chombo cha mbao kilichofanya kazi katika maji makali kwa muda wote huo hakikufika hapo kwa bahati. Kila mmiliki alikuwa na sababu ya kukitunza, na sababu hizo hazikufanana.

Pendekezo langu ni kwamba katika kila kipindi tujiulize mambo matatu: hati ya umiliki ilikuwa kwa nani, nani alikuwa akiiendesha tagi, na nani alikuwa akilipia kazi yake. Mara nyingine majibu yote matatu ni mtu mmoja au kampuni moja. Mara nyingi sivyo.

Mmiliki wa kwanza alikuwa Oregon Railway and Navigation Company, kampuni ya reli iliyokuwa na meli pia. Ndiyo iliyoagiza tagi iundwe, nayo ikaipa jina la Wallowa. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa ya hatari: kuvusha meli za matanga kwenye fungu la mchanga lililo mdomoni mwa Mto Columbia, mahali ambapo mkondo wa mto hukabiliana na mawimbi ya Bahari ya Pasifiki, na ambapo vyombo vingi vimeangamia hata eneo lile likabandikwa jina la makaburi ya Pasifiki. Meli isiyo na injini iliweza kukaa nje ya fungu hilo kwa siku kadhaa ikingoja upepo na maji ya kuingilia. Tagi ya mvuke iliiondolea meli ngoja ngoja hiyo.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa uzi. Kuna jambo linanitatiza tangu mwanzo. Kampuni ya reli ilitafuta nini kwenye tagi? Mimi ningetegemea chombo cha namna hiyo kimilikiwe na bandari, au na kampuni inayofanya biashara ya kuvuta meli na hakuna kingine.

Mwanzisha uzi

Jibu limo kwenye ngano. Ngano ya mikoa ya bara ilisafirishwa kwa reli hadi Portland, na hapo ikapakiwa kwenye meli za matanga zilizoipeleka ng'ambo. Upande wa kaskazini kulikuwa na Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington yenye maji mengi na lango pana lisilo na fungu la mchanga. Kila nahodha aliyeliogopa fungu la Columbia na kuamua kwenda Puget Sound alikuwa anaipeleka ngano kwenye reli za washindani. Kwa hiyo kampuni haikuhitaji tagi ipate faida kubwa yenyewe. Ilihitaji meli zifike Portland ili mabehewa yake yasikose shehena. Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini reli ilikubali kugharamia chombo chenye nguvu kwa ajili ya maji yale.

Wala haikuwa peke yake. Tazameni Edna G, tagi ya mvuke iliyoundwa Cleveland, Ohio, mwaka 1896 kwa ajili ya reli ya Duluth and Iron Range, ikafanya kazi Two Harbors, Minnesota, kwenye Ziwa Superior, ikizisaidia meli za madini ya chuma kuingia na kutoka gatini. Reli ilileta madini hadi gatini, na tagi ilihakikisha kwamba meli ya kuyapokea imefunga kamba mahali pake. Tazameni pia Hercules, iliyoundwa Camden, New Jersey, mwaka 1907. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa kampuni ya San Francisco iliyojulikana kwa jina la Red Stack kwa sababu mabomba ya moshi ya tagi zake yalipakwa rangi nyekundu. Ilipotolewa upande wa Atlantiki kwenda kwa wenyewe, ilipita Mlango wa Magellan huku ikimvuta pacha wake, Goliah, safari ambayo peke yake ingestahili uzi mwingine. Mwaka 1924 Hercules ilinunuliwa na reli ya Western Pacific, ikawa inavuta matishari yaliyobeba mabehewa ya treni kukatiza ghuba ya San Francisco. Ilistaafu mwaka 1962, na sasa iko mikononi mwa Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani.

Nimezitaja hizo mbili kwa sababu ya mafunzo yake juu ya majina. Edna G ilipewa jina la binti wa rais wa kampuni ya reli, nayo ikalibeba jina hilo bila kubadilishwa hadi ilipostaafu mwaka 1981. Mtu akitazama jina tu atadhani ilikuwa na mwenyewe mmoja maisha yake yote ya kazi. Lakini reli ya Duluth and Iron Range iliunganishwa na kuwa sehemu ya Duluth, Missabe and Iron Range mwaka 1938, na kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, tagi yenyewe iliondolewa ziwani ikatumikia serikali upande wa pwani ya Atlantiki, kisha ikarejeshwa. Jina lilibaki pale pale huku mamlaka juu ya chombo yakihama.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea, au pengine kusahihisha. Katika maandishi mengine nimeona mmiliki wa kwanza wa Wallowa akiandikwa Oregon Railroad and Navigation Company, si Railway. Je, ni kosa la uchapaji lililorudiwarudiwa?

Mwanzisha uzi

Nakushukuru kwa jicho lako, maana hili ndilo jambo nililotaka lisipite kimya. Si kosa la uchapaji. Ni kampuni mbili.

Oregon Railway and Navigation Company iliathiriwa na mtikisiko wa fedha ulioanza mwaka 1893, ulioziangusha reli nyingi za Marekani, ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa niaba ya wadai wake. Mwaka 1896 iliundwa kampuni mpya iliyochukua mali zake, na jina la kampuni hiyo mpya likawa Oregon Railroad and Navigation Company. Tofauti ni neno moja, na hata hilo lina maana ileile ya reli. Treni zilikuwa zilezile, njia ileile, na asubuhi ya siku ya makabidhiano mpiga makaa wa Wallowa hakuona tofauti yoyote katika tanuri lake. Kisheria, hata hivyo, mmiliki alikuwa mwingine. Anayeandika historia ya umiliki lazima amhesabu, na ndiyo maana mimi nahesabu wamiliki wawili katika kipindi ambacho wengi huhesabu mmoja. Nitashikilia msimamo huo hata nikibaki peke yangu, kwa sababu tukianza kusema kwamba mabadiliko ya karatasi hayahesabiki, tutakuwa tumeuacha umiliki na kuanza kuandika jambo lingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Habari za dhahabu ya Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, zilifika Seattle na San Francisco Julai 1897, na kila kilichoweza kuelea kikatafutiwa kazi kwenye njia ya Alaska. Wallowa nayo ikatolewa mtoni mwaka 1898 kwenda kuvuta vyombo vilivyopeleka watu na mizigo kaskazini. Mwaka 1904 iliingia mikononi mwa Puget Sound Mill and Timber Company, na baadaye ya Merrill and Ring, kampuni ya ukataji magogo. Kwa takribani robo karne mmiliki akawa mtu wa mbao, na mzigo ukawa machelezo ya magogo yaliyovutwa taratibu kupitia mlangobahari wa Juan de Fuca.

Angalieni jinsi kanuni ilivyo ileile. Reli iliimiliki tagi ili ngano isipotee, na kampuni ya magogo iliimiliki ili magogo yafike kinuni. Katika vipindi vyote hivyo, mwenye tagi alikuwa ndiye mwenye haja ya kile kinachovutwa, au mwenye faida ndani yake. Mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, yalikuja mwaka 1929, kwa sababu hapo ndipo tagi iliponunuliwa na watu ambao biashara yao ilikuwa kuvuta mali za wengine.

Watu hao walikuwa Foss Launch and Tug Company. Kampuni hiyo ilitokana na familia ya Andrew na Thea Foss, wahamiaji kutoka Norway walioishi Tacoma. Inasimuliwa kwamba Thea alinunua mtumbwi wa makasia uliochakaa kwa dola 5, akausafisha na kuupaka rangi, akauuza kwa dola 15, na kutoka hapo ikakua biashara ya kukodisha vidau, kisha boti za injini, kisha tagi. Mwaka biashara hiyo ilipoanza ulikuwa 1889, mwaka uleule Wallowa ilipoundwa Portland. Thea alifariki mwaka 1927, kwa hiyo hakuiona tagi hii ikiingia kwenye mali ya familia yake miaka miwili baadaye.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nilisoma kwamba mwaka 1933 tagi hii ilikuwa ya kampuni ya filamu ya MGM, nayo ndiyo iliyoipa jina la Narcissus. Kwa mtindo wako wa kuhesabu mpaka neno moja, mbona huyo hujamweka kwenye orodha?

Mwanzisha uzi

Sijamweka kwa sababu hakuwa mmiliki. MGM iliikodi tagi kutoka kwa Foss ili ionekane kwenye filamu iliyopigwa Seattle, na Narcissus lilikuwa jina la chombo cha ndani ya hadithi. Likapakwa kwa ajili ya kamera. Jina hilo ndilo nililolitaja mwanzoni kuwa halikuletwa na mmiliki yeyote, na tunapolipanga katikati ya Wallowa na Arthur Foss kana kwamba lina uzito sawa nayo, tunaichanganya hadithi ya filamu na historia ya chombo.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kukodi ndiko kunakowapoteza wengi. Tagi inaweza kutumiwa na asiye mmiliki kwa njia tatu zinazotofautiana sana. Ya kwanza ni mkataba wa kuvutwa: mwenye meli au tishari analipia kazi moja, na tagi inabaki chini ya nahodha wake na mwenyewe. Ya pili ni kukodi kwa muda: mkodi anapanga tagi iende wapi na ifanye nini, lakini nahodha na mabaharia bado ni waajiriwa wa mwenye chombo. Ya tatu ni kukodi chombo kitupu: mkodi anapewa tagi bila watu, anaweka nahodha wake, anainunulia mafuta, anaitengeneza, na mbele ya sheria anabeba majukumu mengi ya mmiliki kwa kipindi hicho. Katika hali hiyo ya tatu anaweza hata kuipaka rangi zake na alama yake kwenye bomba la moshi. Mtu aliyesimama gatini ataapa kwamba chombo kimeuzwa, ilhali hati ya umiliki haijasogea.

Jina la Arthur Foss lenyewe lilikuja mwaka 1934. Foss waliivua tagi mitambo ya mvuke, wakaiwekea injini ya dizeli ya Washington Iron Works yenye nguvu za farasi 700, wakaijenga upya kwa kiasi kikubwa, na wakaipa jina la mwana mkubwa wa familia. Kwa hiyo kwa takribani miaka mitano tagi ilikuwa mali ya Foss huku ikiitwa Wallowa. Anayehesabu kwa majina atamwanzisha mmiliki huyu mwaka 1934, akosee kwa miaka mitano.

Mchangiaji wa tatu

Nimekuelewa, na nakubali kusahihishwa. Endelea basi na kipindi cha vita, maana hapo pia pana jina jipya.

Mwanzisha uzi

Kipindi cha vita kina sura mbili, na zinapaswa kutenganishwa.

Sura ya kwanza ni Wake, kisiwa kidogo katikati ya Pasifiki. Kabla Marekani haijaingia vitani, makandarasi walikuwa wakijenga pale kituo cha ndege cha Jeshi la Wanamaji, na Arthur Foss ilikuwa kwenye kazi hiyo kwa kukodiwa. Mwenye chombo alikuwa Foss, aliyeikodi alikuwa kandarasi, na aliyelipia ujenzi mwishowe alikuwa serikali. Maswali yetu matatu yanapata majibu matatu tofauti. Tagi iliondoka Wake ikivuta matishari mawili kuelekea Honolulu muda mfupi kabla kisiwa hakijashambuliwa na Wajapani mwezi Desemba 1941. Habari za kushambuliwa kwa Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii, ziliwakuta mabaharia wakiwa baharini, ndani ya chombo cha rangi ya kijani na nyeupe, rangi za kampuni, ambazo zingeonekana kwa urahisi na adui. Wakaipaka kijivu wakiwa njiani, wakanyamazisha redio, na wakafika Honolulu mwishoni mwa mwezi mafuta yakiwa yamekaribia kwisha. Kisiwa cha Wake kilianguka tarehe 23 Desemba. Tagi nyingine ya kampuni hiyohiyo, Justine Foss, ilikuwa imebaki pale na haikurudi.

Nawaomba mtazame rangi hiyo ya kijivu. Mtu aliyeiona ikiingia Honolulu angesema ni chombo cha Jeshi la Wanamaji, na angekuwa amekosea. Ilikuwa bado mali ya kampuni binafsi, imepakwa na mabaharia wake wenyewe kwa kuokoa maisha yao.

Sura ya pili ndiyo ya jeshi kweli. Jeshi la Wanamaji liliichukua tagi, likaiita Dohasan, likaiandikisha katika orodha zake kama YT-335. Baada ya vita ilirudi kwa Foss na kwa jina la Arthur Foss, na mwaka 1948 ilianza tena kazi, kazi ileile ya zamani ya kuvuta magogo kwenye mlangobahari wa Juan de Fuca. Ikaendelea hivyo hadi ilipopumzishwa mwaka 1968.

Mchangiaji wa nne

Hapo mwisho kuna jambo dogo. Foss iliuzwa kwa kampuni ya Dillingham ya Honolulu mwaka 1969, na tagi ilitolewa kwa makumbusho mwaka 1970. Je, aliyeitoa ni Foss au Dillingham? Kwa kipimo chako cha neno moja, hapo pia inabidi tuhesabu mmiliki mwingine.

Mwanzisha uzi

Nimefurahi kwamba kipimo changu kimeanza kutumiwa dhidi yangu. Hapa hatuhesabu mwingine, na sababu ni hii. Mwaka 1896 kampuni mpya ilichukua mali za kampuni ya zamani, kwa hiyo tagi ilihama kutoka kwenye daftari la mmoja kwenda la mwingine. Mwaka 1969 kilichonunuliwa kilikuwa Foss yenyewe kama kampuni, na Foss iliendelea kuwepo chini ya kampuni mama na kuwa mwenye tagi zake. Aliyebadilika alikuwa mwenye kampuni, si mwenye chombo. Mwaka 1987 Foss iliuzwa tena, safari hii kwa kampuni ya Seattle ambayo baadaye ilijulikana kama Saltchuk, lakini wakati huo Arthur Foss ilikwisha kutoka katika mali zake. Ilikuwa imekabidhiwa Northwest Seaport, taasisi ya kuhifadhi vyombo vya kihistoria, ambayo ndiyo inayoimiliki mpaka leo. Mwaka 1989, chombo kikiwa na miaka 100, kilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Hata hivyo si haki kuificha tofauti hiyo kwa msomaji. Ningeandika hivi: hadi tagi ilipotolewa, mmiliki alikuwa Foss, na tangu mwaka 1969 Foss ilikuwa mali ya Dillingham. Yote mawili ni kweli na yanatosha katika sentensi moja.

Mchangiaji wa tano

Mimi nafuatilia tagi nyingine ya Marekani, ambayo bado inafanya kazi na imebadilishwa jina mara kadhaa. Ningeanzia wapi ili nisiingie kwenye mtego wa majina?

Mwanzisha uzi

Anzia kwenye namba. Marekani ilianza kuvipa vyombo vya biashara namba rasmi katika miaka ya 1860, na namba hiyo hukaa na chombo hata jina, bandari, injini na mwenyewe wakibadilika. Sheria inataka ionekane ndani ya mwili wa chombo, na kwenye vyombo vya zamani ilichongwa kwenye boriti kuu. Serikali ilichapisha kwa miaka mingi orodha ya vyombo vyote vya biashara, na humo utaifuata namba yako mwaka baada ya mwaka, ukiona jina linapogeuka na bandari inapohama.

Orodha zilizochapishwa huonyesha hali ya mwaka, hazionyeshi tendo la kuuza. Tendo lenyewe liko kwenye hati. Kwa vyombo vya zamani vya Marekani, kila mmiliki alipobadilika, hati ya zamani ilirudishwa kwa ofisa wa forodha na mpya ikatolewa, na kwenye ile iliyorudishwa iliandikwa sababu: umiliki umebadilika, au wilaya imebadilika, au chombo kimepotea. Hati hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani, nami naziona kuwa ndizo shahidi bora kuliko wote, kwa sababu zimeandikwa siku ya tukio na mtu asiyekuwa na haja ya kuipamba hadithi. Kwa chombo ambacho bado kimesajiliwa, Walinzi wa Pwani wa Marekani wana kituo cha usajili kinachotoa muhtasari wa umiliki, wenye hati za mauzo na rehani zilizosajiliwa kwa mfuatano wake. Usiziruke rehani. Tagi nyingi hununuliwa kwa mkopo, na kuandikwa kwa rehani mpya au kufutwa kwa ya zamani mara nyingi hukuonyesha wakati mwenye chombo alipobanwa, kabla hajauza.

Mtu atasema, kwa nini tusitumie namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, ile ya tarakimu 7? Itumie kama ipo. Namba hiyo ilianzishwa mwaka 1987, ikawa ya lazima mwaka 1996, nayo haihamishwi kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Ina hata kinga dhidi ya makosa ya kunakili: zidisha tarakimu 6 za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na tarakimu ya 7. Kwa namba 9074729 jumla ni 139, na inaishia kwa 9. Tatizo ni kwamba lazima hiyo ililenga meli za mizigo za kuanzia tani za ujazo 300, na kumbukumbu endelevu ya wamiliki ambayo meli hutakiwa kuwa nayo tangu mwaka 2004 inazihusu za kuanzia tani 500 zinazosafiri kimataifa. Tagi nyingi za bandarini ni ndogo kuliko hapo. Ndiyo maana mafuta yakimwagwa na meli kubwa, mwenyewe hutafutwa kwa kompyuta, lakini mwenye tagi ya miaka 60 hutafutwa kwa kufunua majalada.

Mchangiaji wa kwanza

Nimalizie na Uingereza, kwa kuwa kuna tagi za kule ambazo nimezifuatilia kidogo. Kule chombo kilichosajiliwa huhesabiwa kuwa na hisa 64, kwa hiyo swali la nani ni mmiliki linaweza kuwa na majibu mengi kwa wakati mmoja. Pia kuna tagi ya mvuke Daniel Adamson, ambayo inasemekana iliuzwa kwa pauni 1. Je, hiyo ni mauzo au ni zawadi iliyofichwa?

Mwanzisha uzi

Kuhusu hisa 64, ni sahihi kabisa, na ndiyo sababu katika madaftari ya Uingereza hutafuti tu jina, unatafuta jina na idadi ya hisa. Nahodha anaweza kuwa na hisa 16, mjane wa mfanyabiashara 8, na kampuni fulani hisa zote zilizobaki. Mwandishi anayesema "iliuzwa mwaka fulani" bila kutaja ni hisa ngapi zilizouzwa amesema nusu ya habari.

Daniel Adamson iliundwa mwaka 1903 Birkenhead ikiitwa Ralph Brocklebank, kwa ajili ya Shropshire Union Railways and Canal Company, kampuni nyingine tena ya usafirishaji iliyotaka matishari yake yavutwe. Kampuni ya mfereji wa meli wa Manchester iliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1920, na jina la Daniel Adamson, mwenyekiti wa kwanza wa kampuni hiyo ya mfereji, likaja mwaka 1936. Unaona pengo lilelile tuliloliona kwa Foss: mmiliki anatangulia, jina linafuata baada ya miaka. Iliacha kazi mwaka 1984, ikakaa, ikakaribia kukatwa vyuma chakavu, na mwaka 2004 wahifadhi wakainunua kwa pauni 1.

Hiyo ni mauzo. Sheria ya Uingereza inautambua mkataba wa kawaida pale kila upande unapotoa kitu, na pauni 1 inatosha kuwa kitu; haiulizi kama bei inalingana na mali. Hati ikishasainiwa, mnunuzi amechukua chombo pamoja na vyuma vyake vilivyooza, ada ya gati, bima, na bili itakayokuja ya kukipandisha nchi kavu kwa matengenezo. Muuzaji aliyeuza tagi ya miaka 100 kwa pauni 1 alikuwa amejiondolea gharama za kuikata, na walioinunua walikuwa wamejitwisha matengenezo yaliyokuja kuhitaji fedha nyingi na miaka zaidi ya 10 ya kazi kabla haijasafiri tena kwa mvuke wake yenyewe.